Bi Pimbi na Majani ya Kuletewa

Juu ya jabali moja aliishi Bi Pimbi, mjane mzee aliyechoka kwa kukaa. Kila alipoinuka akatafute majani, wanawe walimrudisha.

"Kaa, mama! Majirani watasema hatukutunzi."

Wakamletea majani mpaka mdomoni, naye akanenepa akawa kama kibuyu. Majirani wakasifu, "Bi Pimbi kanawiri! Huyu kapata watoto!" Mwenyewe alijua kwamba ndani ya unene ule mapaja yalikuwa yamenyauka, na kugeuka tu kulimtoa jasho. Lakini angeanzaje kulalamikia heshima?

Siku moja kivuli cha Tai kikapita juu ya jabali. Pimbi wengine wote wakajitupa pangoni.

"Ruka, mama!" wanawe wakapiga kelele.

Bi Pimbi akaiamuru miguu, miguu isimsikie. Tai akamkamata mgongoni, akapiga mabawa, akavuta, akahema, mwisho akamwachia akaenda zake akitukana.

Wanawe wakatoka mbio wakishangilia. "Unene umekuokoa, mama! Kula, uongezeke!" Wakamrundikia majani.

Bi Pimbi akayasukuma kando, damu ikimchuruzika mgongoni.

"Tai kashindwa kunibeba leo tu," akasema kwa sauti ya kuchoka. "Mimi nimeshindwa kujibeba siku nyingi, na hakuna aliyeniuliza. Kesho, wanangu, yaacheni majani huko huko yaliko, mnishike mkono twende."