Kabureta Mbili

Fundi Kihampa alizoea kulinganisha kabureta mbili za pikipiki, zinazoilisha injini mafuta na hewa, kwa sikio tu, na wanaotumia vipimo aliwacheka. Safari hii alijipangusa mikono, akasema, “Tayari. Zinavuta sawa.”

“Fundi, mbona inalia kama mbuzi mwenye kwikwi?” aliuliza Bi Zamoyoni, mwenye pikipiki.

“Mimi nasikia sawa.”

“Haya, lete viganja.”

Kihampa akaviweka nyuma ya mabomba mawili ya moshi, moja kwa kila kabureta. Kulia moshi ulimsukuma, kushoto ulimpapasa tu. Mafundi wenzake waliacha kazi, wakatazama.

Uso ulimshuka. Hakuwa amemwambia mtu kwamba mashine ya kusagia vyuma, aliyoiendesha miaka yote bila kuziba masikio, ilikuwa imeyamaliza.

“Niambie zikilingana,” alinong’ona, akaanza kuzungusha skrubu taratibu, macho yameganda kwenye midomo ya yule mama.