Nani Anakula Umeme?

"Vua na pete," Fundi alimwambia mkewe.

"Ya ndoa?"

"Taa ikiwaka utaivaa tena."

Mke akacheka, akaitupia kwenye sufuria yenye vijiko, funguo na kila kitu cha chuma kilichokuwa sebuleni. Sufuria yenyewe ikapelekwa uani.

Meza ilikuwa imegusa ukuta. Chini ya ubao wake Fundi alikuwa amepanga koili kumi na mbili, yaani mizunguko ya waya wa shaba. Ya kwanza tu ndiyo iliyounganishwa na umeme. Zilizobaki zilipokezana umeme bila kugusana, na taa ndogo isiyo na waya ilitakiwa kuwaka popote utakapoiweka. Jana iliwaka popote. Leo, kuanzia katikati hadi ukutani, ilikuwa inasinzia. Umeme ulikuwa unaliwa, kama chuma kinavyoula kikiwa karibu, na mlaji hajulikani.

Saa kumi angekuja mkurugenzi wa maktaba. Akiridhika, ataagiza meza arobaini. Asiporidhika, Fundi anarudi kutengeneza feni kwenye duka la shemeji yake, na wazo hilo lilimuuma kuliko jino bovu.

Kilibaki chumba kimoja ambacho hakijakaguliwa, cha nyuma ya ukuta ule. Humo alikuwemo mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa, na chumba cha mkwe hakipekuliwi. Fundi akabisha, akasimama mbali na mlango.

"Samahani, mama. Una chuma chochote humo?"

"Sina, mwanangu."

"Hata sindano?"

"Hata sindano. Nasuka tu. Nimekosea mizunguko miwili, inabidi nifumue."

"Pole, mama. Vikapu vina kazi."

Kicheko kikasikika ndani. Fundi akaona haya kumsumbua mtu mzima kwa mambo yasiyomhusu, akarudi kwenye meza yake.

Saa kumi kamili mkurugenzi akaingia, mwanamke wa maneno machache. Akaisogeza taa mwenyewe. Mwanzoni mwa meza iling'aa. Katikati ikafifia. Karibu na ukuta ikazimika kabisa.

"Umeme unaenda wapi, Fundi?"

"Kusema kweli, mheshimiwa, sijui."

Mkurugenzi akafunga mkoba wake. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, na feni zote za shemeji zimfuate humo humo.

Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mama mkwe alitokeza, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Nyuma yake, juu ya kigoda kilichosogezwa ukutani, balbu isiyo na waya ilikuwa inawaka kwa nguvu zote katikati ya duara jekundu, nadhifu, la mabaki ya waya wa Fundi.

"Uliuliza chuma, mwanangu," alisema. "Hii ni shaba."

"Nani kaisuka?" mkurugenzi akauliza.

"Mimi. Miaka thelathini nimesuka waya za mota kiwandani. Kikapu sijui hata kinaanzia wapi."

Mkurugenzi akafungua tena mkoba.