Daftari la Kompyuta Nne

Siku ofisi yao ya Mpanda ilipofungwa, mwaka 1998, Eufrazia aliachiwa kazi ya kuchoma makaratasi. Mwishoni likabaki daftari la kompyuta nne zilizounganishwa kwa waya. Kila asubuhi marehemu fundi wao alizikagua moja moja kama zinawasiliana, akatangaza kwa sauti, "Ipo! Haipo!" kisha akaandika.

Eufrazia akalifungua apate kuuona tena mwandiko wa fundi.

"Namba tatu haipo," fundi aliandika siku moja ya masika. "Eufrazia amefiwa na mama. Nimeizima mwenyewe, mtu asikalie kiti chake mpaka arudi."

Fundi hakuwahi kumwambia.

Eufrazia akafuta masizi vidoleni, akaugusa ule wino wa bluu.

"Dada, lete mengine, moto unazimika!" mlinzi aliita.

"Yameisha, kaka," alijibu, akilifutika daftari ndani ya kitenge.