Nywele za Arobaini

Siku hizi mtoto akinyolewa arobaini, nywele hukabidhiwa mpimaji. Shaba ya ardhini hupanda kwa maji na mboga hadi mwilini mwa mama na mtoto, na ikionekana ile nzito, mwamba wake uko chini ya nyumba. Nyumba huvunjwa ili shaba ichimbwe, wenyewe wakahamishwa.

Bi Nzowa hakutaka kuhama. Nywele za mjukuu wake alizichoma jikoni, akatia kwenye bahasha nywele za mjukuu wa mdogo wake, Sikudhani, aliyempa bila swali. Sikudhani aliishi ng'ambo ya mlima, ambako wapimaji walikuwa hawajafika.

Mpimaji aliitazama mashine, akakunja uso.

"Mama, mtoto huyu hakukulia maji ya hapa."

"Ni wa hapa hapa, mwanangu."

"Nywele hazisemi uongo. Haya ni maji ya ng'ambo, na shaba nzito namna hii sijapata kuiona." Akaandika, akatabasamu. "Basi, kaa kwa amani. Tulichokuwa tukitafuta tumekipata."

Jikoni, Sikudhani alikuwa akipakua pilau ya sherehe.

"Dada, hebu onja. Halafu kesho twende kwangu ukapumzike, nyumba ni kubwa."

Bi Nzowa alionja.

"Imekolea," akasema, akageuka kuutazama mlima dirishani.