Kiganja cha Bertila

Padre aliingia chumbani na kichupa cha mafuta ya wagonjwa, ananuka uraka, pombe ya mabibo, nami nikasimama kati yake na kitanda cha binti yangu.

"Baba padre, umekunywa hata leo?"

"Nimekunywa, mama." Hakuniangalia usoni. "Nirudi?"

Huyu ndiye aliyemtoa Bertila kwenye kwaya mbele ya watu wote wa Naipingo, kwa sababu ya mimba, huku mwenyewe ameshikilia altare asianguke. Siku ile niliapa kwamba mkono wake sitaushika tena.

"Mpishe, mama," Bertila akasema. Hata uji alikuwa hamezi tena; sauti yake ilikuwa pumzi tu. "Mafuta hayajalewa."

Nikampisha.

Padre akachovya kidole gumba kwenye kichupa. Kidole kikapaka nyusi, kikapaka nywele, paji la uso kikalikosa. Machozi yakamtoka.

"Siwezi," akanong'ona.

Basi nikamshika kifundo cha mkono, mimi niliyeapa, tukampaka pamoja. Tukaanza na paji, tukaja kwenye viganja. Maneno ya sala aliyasema yeye, na hakukosea hata moja.

Bertila akafumba kiganja chenye mafuta, vilevile kama alivyokuwa akinificha korosho alipokuwa mdogo. Akatabasamu kidogo.

"Kitendawili," akasema.

"Tega, mwanangu."

Nikangoja.

"Tega, Bertila," nikarudia, na mkono wa padre bado nimeushika.