Uji wa Mzazi

Bi Rukaya alifika kwenye kizuizi cha daraja la mpakani akiwa amepakata chupa ya chai, ameizungushia kanga kama kitoto. Ndani mlikuwa na uji wa pilipili manga. Binti yake Zawena, aliyeolewa ng'ambo ya mto, alikuwa amejifungua jana, na kwao uji wa kwanza wa mzazi hupikwa na mama yake, si mtu mwingine.

“Kadi, mama,” askari alisema.

“Kadi gani? Juzi nimepita hapa.”

“Ng'ambo wameshaungana na majirani zao, wanapita kwa kadi moja, na tangu jana asiye nayo havuki. Sisi bado.”

“Serikali yetu imekataa?”

“Haijakataa. Imesema walio tayari watangulie, sisi tutafuata wakati wetu ukifika.”

“Utafika lini?”

Askari akatazama maji.

“Basi mpelekee wewe binti yangu uji huu, mwanangu.”

“Hata mimi sina kadi, mama.”

Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, lakini ng'ambo ya daraja Zawena alitoka, ameshikwa mkono na mumewe, kitu cheupe kifuani. Bi Rukaya akamimina uji kwenye kifuniko, akauinua juu ili binti auone. Zawena alisema neno, halikufika.

Bi Rukaya alisubiri mpaka mvuke ukaisha. Kisha akaanza kuunywa mwenyewe, polepole, bila kumwondolea binti yake macho.