Kindi na Mche wa Parachichi

Kindi asiyetulia alibaki na mche mmoja tu wa parachichi, na watoto wa kulisha.

"Huku kileleni mwa mlima kuna baridi?" alimuuliza Kondoo.

"Baridi gani, dada? Mimi natoka jasho!"

Akaupanda. Asubuhi umande ulioganda ukawa umeunguza majani. Akaung'oa, akakimbilia bondeni kwa Kenge.

"Joto la hapa likoje?"

"Tamu! Naota jua kutwa."

Akaupanda, ukanyauka. Akaung'oa tena, akaupanda katikati ya mlima. Kesho yake akaanza kuufukua aone kama umeshika.

"Acha!" Fuko alifoka kutoka shimoni. "Uliwauliza wenye sufu na magamba, hukuuliza mche. Mizizi imebaki miwili. Ukiung'oa tena, utapanda kuni."

Kindi akaikalia mikono yake, mwili ukimwasha, na hakuinuka mpaka jani jipya lilipochomoza.